Mbolea ya Ng'ombe Asiyekuwepo

Katika Nyakabere nzima hapakuwa na mwanamke aliyependa kufua kumshinda Mama Niyonkuru. Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya milima ya Burundi, alishuka kijitoni na beseni kichwani, na juu ya beseni vitenge vitatu. Vilikuwa vitenge vile vile vitatu, hata Jumapili. Chini ya vitenge yalikuwa mavi ya ng'ombe.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Pudentienne. Ng'ombe wake aliitwa Gaju, na alilala katika chumba alichozaliwa Niyonkuru, binti yake. Niyonkuru alikuwa amekufa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, walipokuwa wakirudi kutoka mafichoni, akamwachia mama yake mtoto wa kike, Akimana. Sasa Akimana alikuwa na miaka miwili na meno ya kutosha kuuma vidole vya wageni. Aliishi kwa maziwa ya Gaju. Tumbo lake halikupenda kitu kingine, na mihogo ilikuwa imemshinda mara mbili karibu wamzike. Kwa hiyo bibi yake alijua jambo moja bila kuambiwa na mtu: siku Gaju atakapotoka mlangoni na kamba shingoni, mtoto naye ameondoka.

Vita vya kwanza vilichukua ng'ombe wa Nyakabere. Vita vya pili, vilivyokuwa vinatimiza mwaka wa tatu, vilikuja kuchukua waliosahauliwa. Wenye bunduki hawakupoteza muda kuuliza maswali. Walitazama chini, wakaona mavi mlangoni, wakaingia ndani, wakatoka na ng'ombe. Basi watu nao wakajifunza. Ng'ombe waliobaki waliingizwa vyumbani, kuku wakawekwa chini ya vitanda, na mavi yakaenda kijitoni.

Kila mama alikuwa na beseni lake. Walikaa bega kwa bega ukingoni, wakachovya nguo na kuzitoa, na hakuna aliyechungulia beseni la mwenzake. Célestine, jirani wa ukuta mmoja na Mama Niyonkuru, alikuwa na desturi ya kuanza wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa kila jirani yake alipoinamisha beseni, ili mporomoko usisikike. Hakuombwa kufanya hivyo, wala hakuwahi kushukuriwa. Upande wa pili wa barabara aliishi Anastase, ambaye alikuwa na kuku kumi na mmoja chini ya kitanda, na mmoja wao kwa bahati mbaya alikuwa jogoo. Kila jogoo alipowika, Anastase alitoka nje akikohoa kwa nguvu zote. Kijiji kizima kilimpa pole ya kifua.

Maji ya kijito yakawa na rangi ya supu ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Watoto wakaumwa matumbo. Watu walisema ni hewa ya vita.

Ndipo akaja bwana agronome, mtaalamu wa kilimo.

Aliitwa Félicien, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alitoka Uvira kwa pikipiki ya mradi ambao jina lake lilikuwa refu hata fulana zake ziliandikwa kifuani, zikamalizia mgongoni. Mradi ulitaka kuwafundisha wafugaji kutunza mbolea bila kuchafua maji. Karatasi zake zilikuwa zimeandikwa mbali sana, na watu wema, na ndani yake palikuwa na nafasi ya kujaza mvua, udongo na idadi ya mifugo. Nafasi ya kujaza vita haikuwemo.

Kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba Nyakabere haina ng'ombe, Félicien alibeba mavi yake mwenyewe, mfuko mmoja mzima, nyuma ya pikipiki. Pale bariere, kizuizi cha barabarani, adjudant, mkubwa wa askari, hakuamini. Mtu gani mwenye akili anasafirisha mavi? Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko akitafuta risasi. Félicien alifika mkutanoni amechelewa kwa saa mbili, kwa sababu adjudant alikuwa amekataa kumfungulia njia mpaka sabuni ipatikane.

Mkutano ulifanyika uwanja wa kanisa. Frédéric, shefu wa kijiji, alikuwa tayari amevaa fulana mbili, moja juu ya nyingine.

"Bafugaji bainue mikono," Félicien alisema.

Mikono yote ilibaki mapajani.

"Hakuna ata mufugaji moja?"

"Hakuna, bwana agronome," Frédéric alijibu. "Lakini tuko tayari kufundishwa."

"Na ile maji ya kijito, nani anaichafua?"

"Samaki," alisema Anastase.

"Samaki inanuka mavi ya ngombe?"

"Vita iliharibu kila kitu, baba. Ata samaki."

Watu wakacheka, na Félicien naye akacheka, na Mama Niyonkuru, aliyekuwa amekaa nyuma na Akimana mgongoni, aliliona hilo akaliweka moyoni. Watu wa ofisi hawacheki wakichekwa.

Wakati huo huo, ng'ambo ya barabara, jogoo akawika. Anastase akakohoa haraka, lakini alikuwa amekaa upande wa huku. Watu wakaanza kutazama mawingu. Félicien aliandika kitu katika daftari lake, akakitazama kidogo, kisha akakifuta kwa kidole chenye mate.

Akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Alichimba shimo refu kama mguu, mbali na kijito, akaweka majani makavu, kisha mavi kidogo kutoka katika ule mfuko, kisha majivu, kisha majani tena. Aliwaonya wasiongeze maji hadi yatiririke, maana kinachotiririka kitaishia kijitoni.

"Na mavi ya kuku ni makali," alisema. "Ukiyaweka mabichi ku mboga, inaungua. Inafaa kwanza yakae miezi mitatu."

"Kama muntu angekuwa na kuku," Anastase alisema.

"Kama angekuwa nazo."

"Kwa mufano, kumi na moja."

"Kwa mufano," Félicien alikubali, "shimo moja ndogo inatosha."

Mwishowe akafunika lundo kwa udongo na majani ya migomba, akamwita shefu. "Nusa."

Frédéric aliinama mpaka fulana zote mbili zikapanda mgongoni. Akanusa. Akanusa tena. "Sisikii kitu."

Hapo Mama Niyonkuru akainua mkono. Wengine waligeuka, kwa maana hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Mwanangu," alisema, "na nzi?"

"Hakuna nzi, Mama."

"Na muntu akipita karibu sana? Muntu iko na pua muzuri?"

"Ata akikaa juu yake, Mama, hatajua iko kitu gani."

Wanawake wote waliacha kupepea nyuso zao. Mzee mmoja akamwamsha mwenzake aliyekuwa amelala. Kisha Célestine akasema polepole, "Baba agronome, ebu rudilia ile ya majivu."

Akarudia mara tatu. Walimwuliza unene wa udongo, walimwuliza mvua ikinyesha itakuwaje, walimwuliza kama majani ya migomba yanaweza kubadilishwa kwa matete. Félicien alikuwa amefundisha vijiji tisa, na katika vyote watu walikuwa wamesinzia hadi wakati wa fulana. Alifuta miwani yake, macho yamemlowa.

"Kila shimo itawekwa kibao," akasoma mwishoni kwenye karatasi, "jina ya mwenyewe na hesabu ya nyama zake za kufuga."

Nyuso zikajifunga kama milango. Félicien alitazama karatasi, akawatazama watu, akamtazama yule bibi aliyekuwa ameshika miguu ya mjukuu wake kwa mikono miwili. Akaikunja karatasi mara nne.

"Mbao iko bei kali," alisema. "Tutaacha vibao."

Wiki ile Nyakabere ilichimba. Hata wasiokuwa na kitu walichimba, kwa sababu Célestine alipita nyumba kwa nyumba akisema si vizuri shimo la mtu mmoja lionekane peke yake. Mwenye mavi aligawa beseni moja kwa asiye nayo, yakiwa yamefunikwa vitenge kama kawaida, na aliyepokea alisema asante kwa nguo. Mama Niyonkuru alipanda maboga juu ya lundo lake, nyuma ya nyumba. Maboga yalitambaa yakafika dirishani, Gaju akayafikia kwa ulimi.

Mwezi wa tatu baada ya mkutano Félicien alirudi kuhesabu. Alihesabu mashimo thelathini na mawili, akayaandika kwa wino, mbolea akiiita fumier kwa Kifaransa. Alikuwa amesimama kwa Mama Niyonkuru, akisifu maboga, pale adjudant wa bariere alipoingia uani na askari wanne. Alikuwa amesikia kwamba Nyakabere wanachimba mashimo, na katika akili yake mashimo yalikuwa ya kupigania au ya kufichia. Alikuwa amezunguka kijiji kizima pua juu kama mbwa wa mwindaji, na hakusikia harufu yoyote isipokuwa ya majani.

Alichoka. Akaketi juu ya lundo, katikati ya maboga. Mama Niyonkuru alimletea maji, kwa kuwa ni mgeni na jua lilikuwa kali. Nyuma ya ukuta wa udongo, hatua mbili kutoka kisogo chake, Gaju alikuwa akitafuna.

"Leta ile kaye," adjudant alimwambia Félicien.

Akasoma daftari kidole kikifuata mstari. "Mashimo ya fumier, makumi tatu na mbili. Ngombe, zéro. Kuku, zéro." Akainua uso. "Weye, unaniona minye mujinga? Fumier bila ngombe! Ilitoka wapi?"

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye uzio. Mama Niyonkuru aliweka kiganja juu ya kichwa cha Akimana, akakiacha hapo. Hakuwa tena na sala fupi ya kutosha.

"Ilitoka Uvira, mon adjudant," Félicien alisema. "Mu mufuko. Weye mwenyewe uliikagua."

Adjudant alitazama mkono wake wa kuume. Mkono ulikumbuka.

"Mufuko moja tu?"

"Moja. Inaongezeka kama chachu ya mukate. Unaweka majani, unaweka kidogo ya fumier, unaweka majivu. Nikueleze tangu mwanzo?"

Na akaeleza tangu mwanzo. Alieleza joto la katikati ya lundo na baridi ya pembeni. Alieleza kugeuza kila wiki ya tatu. Alieleza mambo ambayo hata yeye alikuwa ameyasoma mara moja tu, shuleni, usiku wa kuamkia mtihani. Askari wawili walisinzia wakiegemea bunduki. Adjudant alikuwa anapiga miayo, na pengine angeondoka kwa amani, kama Gaju hangelia.

Alilia mara moja, kwa sauti fupi. Kila mtu alisikia.

Pale uzioni Anastase akakohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha jogoo. Alikitoa chini kabisa tumboni, kinene na kirefu, chenye mkia, na yeyote angeapa ndicho hicho kilichosikika kwanza. Célestine akakipokea. Frédéric akakipokea, kisha wazee, kisha wamama wote wa kijitoni, hadi uzio ukatikisika.

"Beko na nini, aba batu?" adjudant aliuliza.

"Kifua," alisema Félicien bila kupepesa. "Inapata bale banakaa juu ya fumier."

Adjudant aliruka kana kwamba lundo limemng'ata. Alijipangusa suruali kwa mikono yote miwili, kisha akaitazama mikono, kisha akaita sabuni. Mama Niyonkuru alimpa kipande alichokuwa nacho, chote. Félicien alimpa fulana na kumwomba asaini liste ya waliofundishwa, naye akasaini haraka bila kusoma, akaondoka na watu wake, akikohoa kidogo njiani ili kujaribu kifua.

Watu walipotawanyika, kalamu ilimwanguka Félicien, Mama Niyonkuru akamwokotea. Aliingia ndani, akakaa humo muda kidogo, akatoka na kikombe kilichofunikwa kitambaa. Félicien alifunua, akatazama, akanywa mpaka mwisho. Povu lilimbaki juu ya mdomo.

"Maji ya Nyakabere imekuwa muzuri," alisema.

"Tunamushukuru Mungu," alisema Mama Niyonkuru. "Na weye pia."

Félicien akafungua mkoba wa pikipiki, akatoa bonge la chumvi lililofungwa gazeti. "Kuna muntu alinipatia chumvi ya ngombe. Na minye siko na ngombe."

"Ata minye, mwanangu."

"Basi iweke tu."

Rapoti yake ilifika kwa wakubwa, na wakubwa walifurahi kupita kiasi. Waliandika kwamba Nyakabere ni kijiji cha kwanza kutoa mbolea nyingi bila mfugo hata mmoja, wakaomba jambo hilo lifundishwe kote. Wageni walitakiwa kuja kujionea, lakini barabara haikuwa nzuri.

Maji ya kijito yalichukua majuma kadhaa kurudia rangi yake. Asubuhi moja Mama Niyonkuru alishuka na beseni, na vitenge vitatu, na chini ya vitenge hapakuwa na kitu. Akimana alitembea mbele yake kwa miguu yake mwenyewe, akiwatukana vyura. Célestine alisogea kumpa nafasi, akafungua mdomo kuanza wimbo kwa mazoea, kisha akaacha. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, alichungulia ndani ya beseni la jirani yake.

"Yooo, Mama Niyonkuru!" alisema. "Kumbe ile vitenge yako iko michafu hivi?"