Sifa za Baa ya Kondoo Mkaidi

Jioni ya Jumanne ya mwisho wa Februari, Ishbel Rankeillor alikaanga samaki wawili aina ya heringi, akakata mkate, akamimina chai katika vikombe viwili, kisha akaketi dirishani kumngoja marehemu mumewe apite.

Katika mji wa Inverlachie wafu walirudi majumbani mwao kila siku magharibi ilipoingia, kwa muda wa mwaka mmoja tangu kuzikwa, na baada ya hapo hawakuonekana tena. Jambo hilo halikuwa na siri. Mchungaji alilitangaza baada ya kila mazishi, pamoja na saa za mazoezi ya kwaya, na manispaa iliagiza taa za barabarani ziwashwe mapema wakati wa baridi ili wazee wasijikwae. Marehemu Cowie, wa nyumba ya jirani, alikuja kuitia ufunguo saa ya ukutani, akamsikiliza mkewe akilalamikia unyevu wa kuta, akaondoka. Wengine waliketi tu. Hawakula, lakini ilikuwa adabu kuwaandalia.

Dod Rankeillor hakuwa amerudi nyumbani hata mara moja. Kila jioni alitokea upande wa makaburini akiwa katika suti ya buluu aliyozikwa nayo, akapita mbele ya dirisha la mkewe bila kugeuza shingo, akateremka Mtaa wa Bandarini hadi kwenye baa iitwayo Kondoo Mkaidi, akasimama mlangoni na wenzake walio hai kungoja ifunguliwe.

Ishbel hakutaka mengi. Alitaka Dod aketi katika kiti chake, upande wa pili wa meza, jioni moja tu kabla mwaka haujaisha. Mwaka ulikuwa unaisha jioni hiyo.

Nyumbani Dod alikuwa mtu wa maneno machache, kwa kuwa aliyokuwa nayo aliyatumia kuisifia Kondoo Mkaidi. Aliisifia kwa abiria waliosubiri treni. Aliisifia kwa mabaharia, kwa wapima ardhi, na kwa mafundi waliokuja kutengeneza paa la kanisa. Katika arusi ya binti yao Rhona, alipoinuka kutoa nasaha za baba, aliwaelekeza wageni njia fupi ya kufika huko. Hata alipokuwa hospitalini, na mpira puani, alimshika daktari mkono wa koti akamweleza bia ya pale inavyomiminwa polepole na kwa nini mtu asimharakishe mmiminaji. Siku ya mazishi mchungaji alisema kwamba hapakuwa na mtu katika wilaya nzima ambaye Dod hakuwahi kumwambia aende Kondoo Mkaidi. Waombolezaji walitikisa vichwa kukubali. Ishbel, aliyeketi safu ya mbele, ndiye peke yake aliyejua kwamba mchungaji amekosea. Yeye hakuwahi kuambiwa.

Kondoo Mkaidi haikuwahudumia wanawake. Sheria haikuwakataza. Erchie Tosh, mwenye baa, aliwaeleza waliouliza kwamba nyumba haikuwa na choo cha wanawake, na kwamba choo hicho kisingeweza kujengwa kwa kuwa hapakuwa na wanawake wa kukitumia. Maelezo hayo yaliiridhisha manispaa. Mwanamke aliyetaka kinywaji alipita uchochoroni, akaingia kwa mlango wa nyuma katika kijichumba chenye benchi, akagonga kidirisha, akapewa glasi kwa mkono ulionyoshwa bila uso.

Tena palikuwa na ile desturi ya simu. Rhona alipokuwa mdogo, mama yake alimtuma kila Ijumaa kwenye kibanda cha simu cha pembeni mwa barabara, koti juu ya nguo ya kulalia, apige kuuliza kama baba yupo. Erchie alijibu, "Hayupo." Aliwajibu hivyo wake wote na watoto wote kuhusu waume wote, bila kugeuka kutazama. Baba yake Erchie alijibu hivyo kabla yake. Ndiyo heshima ambayo nyumba ile iliwapa wateja wake wa kudumu, nao waliithamini kuliko bia.

Dod alipita. Ishbel aliitazama shingo yake, kama alivyoitazama mwaka mzima. Kisha akawafunika heringi kwa sahani, akavua aproni, akavaa kofia ya kanisani, akamfuata.

Alipofika, mlango ulikuwa tayari umefunguliwa na wanaume walikuwa wameshaingia. Sakafuni, ndani kidogo ya kizingiti, palikuwa na ukanda wa shaba uliong'arishwa kila asubuhi. Ishbel aliuvuka. Sakafu ikainama kuelekea mlangoni, kama ilivyoinama kila mara mwanamke alipouvuka ukanda ule, na kila mwanamume, bila kukatiza alichokuwa akisema, akaishika glasi yake isiteleze.

"Umepotea, Bi Rankeillor," alisema Erchie Tosh. "Kanisa liko juu kilimani."

"Nimemfuata mume wangu."

"Hayupo."

Dod alikuwa ameketi kwenye stuli iliyo karibu na kona ya kaunta, mbele yake glasi ya bia na kiglasi cha wiski ambavyo havikupungua tangu mwaka uliopita. Suti yake ilikuwa na udongo mabegani.

"Yule pale, Erchie."

"Mimi simwoni mtu."

Wull Geddes, mshona nyavu, aliongea akiwa ameupa mlango mgongo. "Mwache mzee wa watu apumzike, mama. Umemghasi akiwa hai, sasa unamfuata hadi kaburini?"

"Kaburini ningemkuta, Wull. Shida ni kwamba hakai huko."

Mtu mmoja alicheka, akatazamwa, akanyamaza. Sakafu iliinama zaidi. Ishbel alishika kitasa cha mlango ili asianguke, na kofia yake ikateleza ikamfunika jicho moja. Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Walimtazama kama mtu atazamavyo mvua inayoingia ndani, akingoja wa karibu na dirisha alifunge.

"Mlango wenu uko uchochoroni," alisema Erchie, akifuta kaunta. "Ukitaka kinywaji, gonga kidirisha. Ukitaka mume, hapa hatuuzi."

Ishbel alitoka, akazunguka nyuma. Uchochoro ulinuka mkojo wa wanaume ambao choo walikuwa nacho. Alisukuma mlango mdogo, akaingia kijichumbani, akakuta benchi imejaa wanawake.

Wote walikuwa wamekufa, na si mwaka ule wala uliotangulia. Mmoja alivaa sketi ya mistari na shali ya wauza samaki wa zamani, akifuma soksi. Huyo alikuwa Nan Pitblado, ambaye Ishbel alimfahamu kutokana na picha iliyotundikwa posta.

"Sogeeni, kaja mwingine," Nan aliwaambia wenzake. Kisha akamgeukia Ishbel. "Wako ni yupi, mwanangu?"

"Dod Rankeillor."

"Lo, yule msemaji. Sauti yake tunaijua sana. Anapasifia hapa mpaka masikio yanatuuma."

Ishbel aliketi. Aliuliza kwa nini walikuwa bado wapo, ilhali mwaka ulikuwa ndio mwisho kwa kila mtu. Nan alimweleza bila kuacha kufuma. Kila jioni giza lilipokamilika, Erchie alipiga kengele ndogo ukumbini na kusema muda umekwisha, na wafu wakatoka. Waliomaliza mwaka hawakurudi. Lakini kengele ilipigwa kuelekea ukumbini tu. Upande wa kijichumba hakuna aliyewahi kutangaziwa muda. Nao walikuwa wanawake waliolelewa vizuri, hawangeweza kuondoka kabla ya kuambiwa.

"Mumeo yuko upande ule?" aliuliza Ishbel.

"Wangu alitoka zamani, kwa mlango wa mbele," alisema Nan. "Hakuna aliyeniambia."

Nje mwanga ulikuwa unaisha. Ishbel aliinuka akagonga. Kidirisha kilifunguka upana wa kiganja, na mkono wa Erchie ukangoja. Aliagiza mvinyo mtamu, kwa sababu ndio uliokuwa katika chupa ya mbali kabisa, na Erchie alipokwenda kuifuata, kidirisha kilibaki wazi. Nyuma yake, karibu kiasi cha kuguswa, palikuwa na bega lenye udongo.

"Dod," alisema Ishbel. "Chai inapoa."

Dod aligeuka. Wafu waliorudi nyumbani waliendelea kuwafahamu watu wao kwa kuwaona kila jioni. Dod alikuwa ametazama chupa mwaka mzima. Alimtazama mkewe kwa uso mchangamfu, uso ambao Ishbel hakuwa ameuona tangu enzi za uchumba.

"Mara yako ya kwanza hapa, mama?"

Ishbel alishika ukingo wa kidirisha. "Ya kwanza," alisema.

"Basi hujapotea njia." Akaisogeza stuli yake karibu. Alimweleza habari za moto wa makaa ambao haukuzimika tangu siku za babu yake, hata wakati wa vita. Alimwonyesha kaunta, ubao mmoja uliotolewa katika meli iliyovunjika mwambani, akamwonyesha na doa lililoachwa na nahodha. Alimshauri asiagize mkate wa nyama siku ya Jumatatu. Alisema kwamba hapa mtu haulizwi atokako wala atakapoondoka. Alizungumza vizuri, bila kusita, na Ishbel, aliyekuwa ameishi naye miaka mingi kwa "ndiyo" na "hapana" na "chumvi iko wapi," alimsikiliza hadi mwisho. Kisha Dod akainama, kama alivyoinama siku zote alipofika kwenye sifa aliyoihifadhi kwa kumalizia.

"Umri wangu wote nimekuja hapa, mama. Sijafuatwa na mtu hata siku moja."

"Ulifuatwa. Simu ililia kila Ijumaa."

Dod alifikiri, kwa adabu. "Ililia, naam," alisema, akitabasamu kama ampaye mgeni siri ya nyumba. "Na mimi sikuwepo. Hiyo ndiyo raha ya hapa."

Katika benchi, Nan Pitblado alikuwa ameacha kufuma.

"Heringi wako nimewafunika kwa sahani," alisema Ishbel.

"Mumeo ana bahati," alisema Dod. "Mlete siku moja. Atapapenda."

Erchie alirudi na glasi. Alitazama nje, akaona giza limekamilika, akapiga kengele ndogo akiwa amekipa kidirisha mgongo. "Muda, waungwana." Walio hai waliendelea kunywa. Dod alikunywa wiski yake yote kwa mkupuo, akakiinamisha kiglasi juu ya kaunta, akakung'uta udongo mabegani, akatoka kwa mlango wa mbele akiwatakia wote usiku mwema mmoja mmoja kwa majina. Ishbel alisema kwa sauti kwamba kengele imelia. Wanawake walimtazama kwa huruma. Kengele hiyo, walisema, haikuwa yao. Erchie akamsukumia glasi, akafunga kidirisha.

Nyumbani aliwala heringi wote wawili, akaosha vikombe vyote viwili.

Siku zilizofuata alimweleza mchungaji habari za wale wanawake. Mchungaji alisikitika, akasema kwamba kijichumba kile hakikuwa ndani ya mipaka ya parokia. Karani wa manispaa alimwuliza kama wanawake hao wanahitaji choo. Ishbel aliposema hapana, wafu hawakihitaji, karani alisema kwamba basi hakuna la kushughulikia. Alikwenda mwenyewe kusimama uchochoroni na kengele ya shuleni aliyoiazima, akaipiga kwa nguvu. Nan alitoa kichwa mlangoni akamshukuru. Alisema ilikuwa kengele nzuri, lakini inayohesabika ni ya mwenye baa.

Kondoo Mkaidi iliweka kibao cha shaba juu ya stuli ya Dod, chenye jina lake na maneno "Aliwaleta Wengi." Wageni walipigwa picha chini yake.

Ishbel naye alianza kwenda. Saa ile ya jioni, dirisha la nyumbani lilikuwa halina tena wa kupita, na ukuta wa kijichumba ulipata joto la ule moto wa upande wa pili. Alibeba nyuzi zake za sufu. Wanawake walimwachia nafasi ile ile kila siku, karibu na mlango, mahali pa aliyefika mwisho. Hawakuwazungumzia wanaume sana. Waliwasikia.

Jioni moja ya Aprili simu ililia ukumbini. Kidirisha kilikuwa wazi kidogo, kwa kuwa Erchie alikuwa anamimina, na Ishbel aliisikia sauti nyembamba ya Rhona, aliyekuwa akipiga kutoka Dundee. Alisema amepiga nyumbani siku tatu na hapokei mtu. Ishbel hakukumbuka tena jioni aliyotoka kijichumbani mara ya mwisho. Namba ya baa aliijua kwa moyo tangu utotoni. Aliuliza, kwa sauti ile ile ya kibandani, kama mama yake yupo.

Ishbel alikwisha kufumbua kinywa aitike.

"Hayupo," alisema Erchie Tosh, bila kugeuka kutazama, akaweka simu chini.

Kisha akanyosha mkono, akafunga kidirisha. Ishbel alikigonga mara moja, akangoja, akagonga tena. Halafu akachukua nyuzi zake akasogea ndani kwenye benchi, kwa sababu mlango wa uchochoroni ulikuwa unafunguliwa, na mwanamke mwingine, kofia imemteleza jichoni, alikuwa akitafuta pa kukaa.

"Sogeeni," Ishbel aliwaambia wenzake. "Kaja mwingine."