Udongo wa Kiangazi

Tangu asubuhi Mapicha alikuwa anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Anakaa, anasimama, anaenda hadi kwenye mashine ya kuchapa vitambaa, anarudi mezani hana alichokifuata. Jina hilo alipewa na wenzake kiwandani kwa sababu hakuna kitu alichokipita bila kukipiga picha: magome ya miti, ukungu wa ukutani, magamba ya samaki. Picha hizo alizitia rangi kwenye kompyuta, akaziunga ukingo kwa ukingo hadi jicho lisione pa kuungia, zikawa maua ya vitambaa vya magauni.

Mwaka huu ua lililopendwa ni moja tu. Mnunuzi alilipapasa kwa vidole akasema, "Udongo wa kiangazi huu. Umeupata wapi?" Mapicha akajibu, "Huko shamba." Uongo ulimtoka kirahisi kama kikohozi. Sasa mita elfu tatu zilikuwa zichapwe saa nane mchana, na udongo wenyewe haukuwa udongo. Ulikuwa visigino vya shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea. Miaka ishirini alisimama peku kwenye sakafu iliyojaa maji akiwafulia watu mashuka, miguu ikapasuka, na tangu aache kazi hakuna aliyeiona. Soksi asubuhi, soksi jioni, jua liwake lisiwake, na ole wake atakayemtania. Siku moja alijilaza kochini baada ya kuoga, soksi hajazivaa, na mwanga wa dirishani ukaingia kwa ubavu, ule ambao wapiga picha huutafuta kwa udi na uvumba. Mapicha alipiga picha saba. Alijiambia atamwambia kesho, na kesho hiyo sasa ilikuwa na wiki tano.

"Wewe leo una nini?" fundi wa mashine alimuuliza. "Umenizunguka hapa mpaka kichwa kinaniuma. Nianze nisianze?"

"Ngoja nikale kwanza."

Hakwenda kula. Aliikunja sampuli ya kitambaa, akaitia mkobani, akatoka mbio mbio. Njia nzima alikuwa anapanga maneno na kuyapangua. Ataanza na sifa. Hapana, ataanza na samahani. Alipofika mlangoni kwa shangazi alikuwa bado anapanga.

Shangazi alikuwa anakunja nguo sebuleni. "Hujala wewe," akasema kabla hata ya salamu. "Kaa."

"Sikai, shangazi." Akaitandaza sampuli mezani.

Shangazi alivaa miwani. Hakuuliza ni nini. Kidole chake kilifuata ufa mmoja mrefu, kikapinda nao, kikasimama. "Huu ni wa kushoto," akasema. "Ndio ulionizuia kuja shuleni siku yako ya kuhitimu."

Mapicha aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni. "Nilikupiga picha ukiwa umelala. Nimekosa, shangazi."

"Sikuwa nimelala."

Akaendelea bila kupandisha sauti. "Niliisikia simu yako, ka, ka, ka. Nikasema, acha nitulie, mwanangu ataniomba mwenyewe. Wiki ya kwanza nikangoja. Ya pili nikangoja. Unakuja hapa, nakupakulia chakula, nakutazama usoni, nangoja."

"Basi nakuomba sasa. Kinachapwa saa nane. Hakuna atakayejua. Na ni kizuri, shangazi, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki."

"Ni kizuri," shangazi alikubali. "Na umeomba vizuri. Jibu langu ni hapana."

Zilikuwa zimebaki dakika sita kufika saa nane. Mapicha alijua kubembeleza, na tangu utotoni hakuna alichombembelezea shangazi yake akanyimwa. Ndiyo maana safari hii hakubembeleza. Aliitoa simu akampigia fundi.

"Usianze," alimwambia. "Lifute kabisa lile ua."

"Kwani lina kasoro gani?"

Shangazi alikuwa amesimama pale pale, kidole bado kiko juu ya kitambaa, anasikiliza.

"Halina kasoro," alisema Mapicha. "Ila si langu."