Sufuria Isiyooshwa kwa Sabuni

Ulipita kijiji cha Malinya ukamwona mbwa mdogo akitapika kando ya njia, ukageuza uso. Usikatae. Ni mazoea yenu. Hata miaka ile ya thelathini, Wazungu walipotoboa ardhi hii wakitafuta dhahabu, kuna waliogeuza uso hivyohivyo, nasi tukaachiwa mashimo.

Mbwa yule ni Bosco wa Muhonja. Siku ya tatu sasa anaharisha na kutapika. Muhonja alimnyima chakula nusu siku ili tumbo lipumzike, akamnywesha maji kwa kijiko, kisha akampikia wali laini usio na chumvi wala mafuta. Lakini kila akila, hali inazidi. Na jambo moja lilimtia Muhonja baridi mgongoni, jua la mchana likiwaka: nzi hawakutua kwenye matapishi yale. Walizunguka juu yake, kisha wakaenda zao.

"Kuna mtu amemtupia kitu," alisema Nekoye, mama mkwe wake, akiwa ameinamia karai la mchanga wa dhahabu.

"Nani atamroga mbwa, Mama? Hata kura hana."

"Basi muulize anaangalia nini."

Bosco alikuwa amekodolea macho kona ya jiko. Meno yake yaligongana. Halafu akatikisa mkia polepole, kama anayemsalimu mgeni.

Muhonja akampigia simu Phanuel, daktari wa mifugo. Phanuel alikuja na pikipiki yake, akamdunga Bosco sindano ya kutuliza tumbo, kisha akauliza, "Chakula chake unapikia wapi?"

"Ile pale." Muhonja alionyesha sufuria nyeusi iliyokuwa kwenye kona ileile. "Mbwa hawezi kulia kwenye sufuria ya watu. Hiyo ni ya kuchomea dhahabu tu."

"Na mnaiosha?"

Nekoye akacheka. "Daktari wa ng'ombe, kwenu hamkufundishwa? Sufuria ya dhahabu haiguswi na sabuni. Sabuni inafukuza dhahabu."

Phanuel akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Chini ya ukoko wa wali, vitone vya rangi ya fedha vilitetemeka, vikatambaa vikitafutana, vikawa kimoja: jicho dogo lisilo na kope, likiwatazama.

"Usiguse," alisema. "Ni zebaki. Mnanasia nayo dhahabu, mnaichoma humu ndani, na moshi wake mnauvuta. Huyu mbwa amekula masalio tu. Mama, hebu nyoosha mikono."

Nekoye hakuinyoosha. Aliificha ndani ya leso, na leso ikaanza kutetemeka. Muhonja akakumbuka chai inayomwagika kila asubuhi, ambayo yeye aliiita uzee. Nekoye hajafika hata miaka hamsini.

Jioni Bosco alikunywa maji kwenye bakuli safi, na hayakurudi. Muhonja akaifunika mikono yake kwa mfuko wa nailoni, akaishika sufuria aitoe nje. Nekoye akadaka ukingo wa upande wa pili.

"Iache, mwanangu. Kesho tunachoma."

Hakuna aliyeachia. Mtetemeko ule ukapita kwenye bati, ukaingia mikononi mwa Muhonja, ukapanda hadi viwikoni.

Bado wameishikilia, nawe umekaa unasoma. Inuka. Unamjua jirani anayechoma dhahabu jikoni. Nenda sasa hivi, uwatoe watoto humo kabla moto haujawashwa. Muulize zebaki aliuziwa na nani, kisha mwende pamoja mpaka mlangoni kwa huyo muuzaji, mchana kweupe, watu wakiona.