Kisanduku cha Tundu Moja

Jirani yetu, fundi cherehani, anadai amesikia wimbo wangu kupitia ukutani, ukiimbwa na mwanamke mwingine. Nilimcheka. "Dada, hiyo cherehani imekuharibu masikio!"

Wimbo huo niliutunga mwenyewe nikifua nguo za watu. Jumamosi tatu nilisimama dukani nikichagua kisanduku cha kurekodia, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta. Nilitaka chenye matundu mawili ya maiki, niimbe pamoja na kaka. Yeye akang'ang'ania cha tundu moja. "Hiki ndicho rahisi, mdogo wangu. Tutapokezana." Nikakubali, nikatoa akiba yangu.

Leo nimeingia chumbani kwake bila hodi. Mchumba wake alikuwa mbele ya maiki, anaimba maneno yangu, hata pale ninapomlilia marehemu mama.

"Usinune," kaka alisema. "Sauti yake inauzika. Wewe utaitikia."

"Kwa tundu lipi?"

Mchumba akacheka, akadhani natania.

"Basi ubeti wa mama niachieni mimi, kaka. Huo mmoja tu."

Kaka akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, mchumba bado akiwa mbele ya maiki.