Jezi Iliyomshika Kidoti

Uvumi ulimkuta Mama Kidoti Jumatatu, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikamua mashuka. Mfuaji mwenzake, yule waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, alisema mtaa wa nyuma kuna mtoto kavishwa jezi ya timu ya baba yake, na jezi imekataa kuvuliwa.

"Imekataa vipi?"

"Imekataa, shoga. Wamevuta mpaka mtoto kalia. Imeota."

Redio akahamia bei ya sabuni. Mama Kidoti yeye alirudi nyumbani na uvumi umemng'ang'ania kama kupe. Alikuwa na binti wa miaka minne mwenye kidoti cheusi shavuni, mimba ya miezi sita, mume mchomelea vyuma ambaye ni mtu wa Zambarau, na kaka wa tumbo moja, kinyozi, ambaye ni mtu wa Chungwa.

Muulize mtu timu yake aliipataje, hatakwambia alikaa akachagua. Baba Kidoti aliipata Zambarau kwa baba yake, na baba yake aliipata kwa mwenye nyumba ambaye hakuwa akimpangisha mtu wa timu nyingine. Kinyozi aliipata Chungwa kwa msichana aliyekuwa akimtaka. Msichana aliolewa kwingine, timu ikabaki. Kwa sababu ya chumba cha kupanga na mke wa mtu, mashemeji hawa walikuwa na miaka mitatu hawasalimiani.

Ijumaa Baba Kidoti akaingia na jezi ndogo ya zambarau, mpya, imekunjwa.

"Kesho dabi. Avae."

"Mtoto mwenyewe mpira haujui."

"Mimi niliujua? Nilivishwa, nikaujua."

Mama Kidoti hakubishana. Bishano la nyumba ile lilikuwa na mshindi wake tangu siku ya harusi. Akafikiri kwa akili ya kazi yake: nguo mpya ya rangi kali huchuja, na rangi ikichuja ndiyo huhamia mwilini. Akailoweka kwenye beseni la maji ya chumvi, vikombe viwili vilivyojaa, kama alivyofanya kwa sare za wauguzi, maana chumvi hushikisha rangi. Aliona ameuweza uvumi. Kumbe hapo ndipo alipokosea. Chumvi ilishikisha kweli, ila hakuna aliyeiambia ishike kitambaa peke yake.

Jumamosi saa mbili asubuhi Kidoti alivishwa. Saa tatu alimwagikiwa uji, mama akataka kumbadilisha, jezi haikutoka. Kwenye shingo hapakuwa na ukingo tena. Ukipitisha kidole, kitambaa kilikuwa kinaisha na ngozi inaanza, na huwezi kusema ni wapi. Alimkwaruza kidogo kwenye namba mgongoni, Kidoti akacheka kwa kutekenywa.

Akambeba mpaka kliniki.

"Imeshika lini?" muuguzi akauliza.

"Leo asubuhi."

"Anakula? Anakojoa? Basi haina neno, itakua naye." Akampandisha kwenye mizani, akatoa gramu mia moja za jezi, akaandika uzito. Chini ya jina akaongeza: Zambarau. "Ungekuja jana, mama, ningekwambia usimvishe."

Mechi ilianza saa kumi. Baba Kidoti alikuwa uwanjani. Mama alifunga mlango akakaa na mtoto mkekani, redio imezimwa. Kidoti alikuwa akipanga vifuniko vya chupa. Mara akaruka juu akapiga kelele: "Goli!" Baada ya muda, ndipo redio za majirani zikapiga kelele. Mama Kidoti hakushangaa. Alipiga hesabu tu: Zambarau wamefunga, Chungwa wakishindwa watarudi kwa barabara hii.

Dakika zilikwenda kwa kujivuta. Hakukuwa na goli jingine, alijua kwa kumtazama mtoto. Saa kumi na mbili kasoro sauti zikaanza kuja kutoka upande wa juu wa barabara, na vibanda vikafungwa kimoja kimoja. Akasukuma meza mlangoni. Kisha maziwa yakafurika jikoni, akaenda kuipua sufuria. Hakukawia.

Dirishani Kidoti alikuwa amemwona mjomba wake. Kila Jumamosi mjomba alikuwa akimnyoa, akimbeba mabegani na kumwita bosi. Akapita chini ya meza, akaufungua mlango upenyo wa kutosha mwili wake, akakimbia barabarani mikono juu.

"Mjomba! Mjomba!"

Mama alifika mlangoni akamwona kaka yake mbele ya kundi, mkono umekwenda nyuma, macho yametua kwenye zambarau. Alimwita kwa jina lake la utotoni. Jiwe lilikuwa limeshatoka.

"Wewe tena?" alisema muuguzi. Alishona bega: nyuzi tatu kwenye ngozi, mbili kwenye jezi, uzi uleule.

Baba Kidoti alirudi sauti imemkauka kwa furaha. Akatazama bandeji, akapiga magoti.

"Nani?"

"Chungwa."

"Chungwa gani?"

Mumewe alikuwa ameshaokota nondo ya kazini kwake iliyoegemea ukutani. Mama Kidoti aliitazama. "Chungwa tu," akasema.

"Wote wamoja hao." Akaiweka nondo chini, akambeba binti yake nje kuwaonyesha majirani. "Mnaona? Miaka minne, na ameshaumia kwa ajili ya timu!" Wakapiga makofi.

Alhamisi, mchomelea vyuma akiwa kazini, kinyozi alikuja kwa mlango wa nyuma, akalia mpaka kwikwi.

"Dada, niliona rangi. Wallahi, mtoto sikumwona."

Alipomaliza kulia alitoa mfukoni soksi ndogo za rangi ya chungwa, akaziweka juu ya tumbo la dada yake.

"Huyu usiwape wao."

Kitandani, tangu jana yake, palikuwa na kofia ya zambarau ya kichanga.

Bega lilipona. Jezi inakua na Kidoti vizuri. Mjini wapo wengi kama yeye sasa, na shule inaandikisha kwa rangi ili isichanganye madawati.

Wenye watoto, epukeni haya:

Nguo ya timu kabla mtoto hajaiomba mwenyewe kwa mdomo wake.

Kuiloweka kwenye chumvi. Hata siki.

Kumtegemea baba, au mjomba, kwamba ana akili.

Kuipua maziwa. Acha yamwagike.

Mtoto kumkimbilia mtu wake siku ya mechi, kabla hujaiona mikono yake yote miwili.