Neno Lililobaki Mizanini

Jumamosi ya kwanza ya Julai, mwaka wa hamsini na saba, Omolo alikuwa akipiga pasi kaptula yake ya kazi pale ndege ya saa nane mchana ilipopita juu ya nyumba za Kaloleni. Aliiweka pasi ya makaa kando, akaingia chini ya meza, akangoja. Mlio ulipopotea upande wa Eastleigh, kwenye uwanja wa ndege, alitoka akaendelea na upindo pale alipouachia. Ndege zilipita mara sita kwa siku, na majirani walikwisha kuzoea kuzungumza naye akiwa chini ya meza.

Kilichomtesa ni kwamba baada ya wiki tatu yeye mwenyewe angekuwa ndani ya mojawapo. Omolo alikuwa tarishi katika kampuni ya mjini iliyouza tikiti za safari. Alipotimiza miaka kumi na mitano kazini, bosi alimpa likizo na kiti cha ndege mpaka Kisumu badala ya tikiti ya gari moshi, ili apigwe picha ya gazeti akipanda ngazi. Omolo aliuliza kwa adabu kama picha haiwezi kupigwa kisha yeye akashuka. Bosi akamwambia kwamba likizo na ndege ni kitu kimoja, akikataa kimoja amekataa vyote. Mkewe Benta na watoto walikuwa nyumbani Seme, na hakuwa amewatia machoni kwa miaka miwili. Akakubali, na tangu siku hiyo ugali ukawa haumpiti kooni.

Alimwendea rafiki yake Kombo, mtu wa Majengo, aliyekuwa mpimaji wa mizani pale uwanjani. Kazi ya Kombo ilikuwa kuwapima abiria pamoja na mizigo yao, kwa maana ndege zile ndogo zilikuwa na kiasi chao.

"Hofu ni ugeni tu, Bwana Omolo," Kombo alisema. "Kizoee hicho chombo, utaona."

Basi wakaanza mazoezi kila Jumapili. Jumapili ya kwanza Omolo aliitazama ndege akiwa nyuma ya ua wa waya. Ya pili aligusa gurudumu. Ya tatu aliketi ndani, mlango ukiwa wazi, ahesabu mpaka mia. Alifika kumi na moja. Na kila mara, kabla ya kurudi nyumbani, Kombo alimsimamisha kwenye mizani ili nayo aizoee.

Ilikuwa desturi ya Kaloleni kwamba mtu aendaye likizo haendi peke yake. Huenda na sukari ya huyu, sabuni ya yule, kioo cha taa cha mama wa mtu fulani. Lakini ndege ilikubali mzigo wa ratili thelathini na tatu tu. Majirani walimhurumia Omolo, wakaacha vifurushi vyao, wakamletea maneno matupu. Mmoja alitaka mkewe aambiwe asiuze ng'ombe mwekundu. Mwingine alitaka baba yake ajue kwamba amepata mtoto wa kiume. Maneno hayana uzito, walisema, na hapo ndipo walipokosea.

Jumapili ya kwanza Omolo alikuwa na ratili mia moja arobaini na nane. Ya pili alikuwa na mia na sitini, na hali hakuwa akila. Ya tatu, mia na sabini na nane. Kombo alipima gunia la kahawa alilojua uzito wake, akaona mizani haina kosa.

"Umebeba maneno ya watu," alisema. "Ya nyumbani huwa mazito. Wazungu yao hutuma kwa posta." Akaandika hesabu yake.

Kwenye foleni ya bomba la maji, malapa ya Omolo yalizama matopeni kuliko ya wenzake. Watoto wa jirani waliruka katika nyayo zake. Yeye, ukweli usemwe, alifurahi. Kadiri alivyozidi uzito ndivyo hofu ilivyolegea. Alijiona ameshikwa na ardhi, na haikuelekea kumwachia. Ndege ilipopita sasa alisimama mlangoni, mkono mmoja tu kwenye fremu.

Alhamisi kabla ya safari, alipotoka kazini, Norah alimjia nyumbani, wakaketi kwenye vigoda. Norah alikuwa mke wa Otiende, binamu yake Omolo. Mwaka na nusu uliopita Otiende alikuwa akichimba mtaro wa maji machafu mjini, kingo zikabomoka zikamfunika. Kontrakta alingoja mpaka adhuhuri, kisha akaamuru mtaro ufukiwe, na Jumatatu ukamwagiwa lami kwa kuwa barabara ilikuwa na siku yake ya kufunguliwa. Kwenye daftari la vibarua, jina la Otiende liliandikwa kwamba ametoroka kazi.

Mama yake Otiende alikuwa hajaambiwa. Kwa watu wao mwana huzikwa nyumbani. Yeyote apelekaye habari ya kifo bila maiti ataulizwa amemweka wapi, na jibu ni kwamba magari yanapita juu yake. Norah mwenyewe hakuthubutu kurudi kwa sababu hiyo hiyo.

"Shemeji, mimi sina mzigo. Niko na neno tu."

"Nalijua hilo neno, shemeji."

"Wote wanaoenda likizo wamelikataa."

Omolo aliwaza. Alikuwa na yakini kwamba ndege itaanguka, na mtu atakayeanguka hatalazimika kumwambia mama yeyote lolote. Lilikuwa wazo la aibu, na lilimfariji.

"Lete," akasema.

"Mwambie mama kwamba Otiende amekufa. Mwambie yuko chini ya barabara, na mimi mahali najua. Napita hapo kila asubuhi nikienda kazi, natoa viatu."

Kigoda kilipasuka chini ya Omolo. Norah aliinuka akaenda zake kwa mwendo mwepesi, hata akasahau kumsaidia kusimama. Kesho yake walimsikia akiimba akifua nguo, na hakuna aliyeuliza sababu.

Jumamosi, uwanjani, mpiga picha alikuwa tayari chini ya ngazi. Omolo alipanda mizani mikono mitupu. Mshale ulikwenda ukasimama kwenye mia mbili ishirini na sita. Afisa wa Kizungu alitazama orodha, akasema ratili arobaini na tano zimezidi. Apunguze au abaki.

Kwa wiki tatu Omolo alikuwa ameomba kizuizi kama hicho, na sasa kilipokuja hakukitaka. Watoto wake walikuwa wakingoja kwenye kiwanja cha Kisumu. Akibaki, likizo imekwisha. Alipiga hesabu: yale maneno madogo yote, na ng'ombe mwekundu akiwemo, hayakufika ratili thelathini na moja. Neno la Norah peke yake lilikuwa arobaini na nane.

"Litoe hapo hapo, kwa sauti ndogo," Kombo alimwambia. "Mimi sisikilizi, si kazi yangu."

Omolo aliinama akalisema neno la Norah pale kwenye mizani, lote, pamoja na viatu. Mshale ukarudi nyuma. Kombo alilisukuma kwa mguu mpaka chini ya benchi, ambako palikuwa na mengine ya zamani.

"Mengi hivyo?" Omolo akauliza.

"Kila ndege huacha moja mawili. Mfagiaji huyazunguka."

Picha ikapigwa. Ndege ikaruka, na Omolo hakuogopa hata kidogo. Alikunywa chai. Chini aliziona barabara za mji, nyembamba na nyeusi, akashindwa kujua ipi ni ya Otiende. Aliona haya, na chai akaimaliza.

Kisumu, Benta na watoto walimpokea. Nyuma yao alisimama bibi mmoja, mama yake Otiende, aliyetembea tangu alfajiri. Alingoja watoto wamalize kumkumbatia baba yao.

"Mwanangu, Otiende amekupa neno?"

Omolo alilijua neno lile lote, ila halikuwemo tena ndani yake, na kulinyanyua upya hakuweza.

"Anakusalimu, mama."

"Ni mzima?"

"Mzima."

Yalimtoka bila taabu, kwa kuwa hayakuwa na uzito wowote.

Likizo ilipokwisha, bibi alimletea kamongo wa kukaushwa kwa moshi, amefungwa kwa majani ya mgomba, ampelekee Otiende. Omolo alirudi kwa gari moshi, samaki mapajani, na kwa kuwa hakujua pengine pa kumpeleka, alimpeleka kwa Norah.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, shemeji."

Norah alifungua majani, akamgeuza yule samaki.

"Mama amekata kichwa," alisema. "Otiende hakuwa anakula kichwa."

Akateka maji, akainjika sufuria, akamwambia Omolo aketi wale. Wakala. Ndege ya saa nane ilipita juu ya paa, vijiko vikatetemeka, na Omolo hakuinua uso.

"Mwezi ujao nani anaenda likizo?" Norah akauliza.

Omolo alisema atauliza.