Mfuko Mkavu

Mama huyu hakuwa na mchezo na uchafu. Mtaani walimwita Mama Sabuni, na jina lenyewe lilimkaa vizuri. Basi binti yake alipojifungua kwa upasuaji, akarudishwa wodini na mpira wa mkojo, mfuko ukining'inia kando ya kitanda watu wote wakiuona, mama mtu alihisi ametukanwa. Na wakwe walikuwa njiani.

Alichunguza kile kifuniko cha chini ya mfuko mpaka akajua kinavyofunguka. Akakinga beseni, akamwaga chooni, akanawa mikono. Binti alikuwa amelala kwa dawa za maumivu. Asubuhi nzima, kila mfuko ulipoanza kushika rangi, Mama Sabuni alishaumaliza. Wakwe wakaja, wakasifia usafi, naye kichwa kikamvimba.

Nesi alipopita akaukuta mfuko mkavu. Aliitazama dripu, akautazama mfuko, akaondoka mbio mbio. Alirudi na daktari.

"Hajatoa kitu tangu asubuhi?"

"Hata tone, daktari. Na maji yanaingia vizuri tu."

Daktari akaukagua mpira. Haukuwa umeziba wala kujikunja. Akambonyeza binti chini ya tumbo taratibu, naye akaamka.

"Sikiliza, dada yangu. Kibofu hakina kitu. Upasuaji wako ulikuwa mgumu, na huenda mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo imeumia. Itabidi tukufungue tena tuangalie."

Mama Sabuni alikuwa akikunja nepi. Alitaka kusema, ulimi ukagoma, maana mama mkwe wa binti yake alikuwa amesimama palepale. Mwanawe anakwenda kuchanwa mara ya pili, naye anaona aibu! Hebu fikiria moyo wa mtu.

Machela ikaletwa. Binti, midomo imemkauka, akamkabidhi mtoto.

"Mama, nisiporudi, umlee wewe. Nakuamini wewe tu."

Machela ilikuwa inavuka mlango.

"Nimemwaga mimi," Mama Sabuni alisema. Hakuna aliyegeuka. Akapaza sauti. "Mkojo wake. Nimekuwa nikiumwaga mimi tangu asubuhi, chooni."

Daktari akarudi hatua moja moja mpaka mbele yake.

"Ulikuwa na rangi gani?"

"Njano. Na ulikuwa mwingi."

"Kwa nini, mama?"

"Wageni," alijibu, na neno hilo likamtia kinyaa mdomoni mwake mwenyewe.

Hawakumwamini hivi hivi. Walisimama wote, wameukodolea macho ule mpira. Tone likashuka. Likaja jingine, kisha yakafuatana. Nesi akashusha pumzi, na machela ikarudishwa kitandani.

Binti hakulia wala hakufoka. Alinyoosha mikono tu. Mama yake akadhani anataka kukumbatiwa, akainama.

"Mtoto, mama," binti akasema. "Nirudishie mtoto wangu."

Akamrudishia.